Dawa ya Kupe Iliyobaki Kwenye Ndoo

Kwetu dawa haimwagwi. Nianze hapo, kwa sababu hasira yangu yote inaanzia hapo. Ijumaa ni siku ya kuwapiga ng'ombe dawa ya kupe. Unachanganya dawa na maji kwenye ndoo, unajaza pompi ya mgongoni, unapita ng'ombe mmoja mmoja, chini ya mkia, kwenye mapaja, ndani ya masikio, na ukimaliza kundi zima bado kunabaki kitu chini ya ndoo. Hicho kinachobaki hakuna mtu wa milima hii atakayekitupa. Ni dawa, ilinunuliwa soko la Mushaki, ilibebwa kwa miguu mpaka hapa juu. Basi wanamwagiwa ndama. Ikibaki, wanamwagiwa mbuzi. Ikibaki tena inanyunyizwa kwenye banda la kuku, na mwisho kabisa, kwa kuwa amekaa hapo anatutazama, anamwagiwa mbwa.

Nilizaliwa nikaikuta kazi hiyo na nikaifanya bila kuuliza. Sikuwahi kumsikia mtu anauliza kama ngozi ya mbwa ni sawa na ngozi ya ng'ombe. Wala sikuwahi kujiuliza kwa nini kwetu hakuna mbwa mzee. Ng'ombe wazee tunao, mbuzi wazee tunao, lakini mbwa anaishi miaka miwili, mitatu, anakufa, na watu wanasema ndivyo mbwa walivyo. Nikifikiria hilo leo natamani kumpiga mtu kofi, na mtu wa kwanza wa kupigwa ni mimi.

Mbwa wa kwanza kuwa wangu mwenyewe, si wa zizi, nilimpata nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Mama alikuwa amefariki, kaka zangu wawili walikuwa wameenda Rubaya kuchimba madini, nikabaki na papa, yaani baba yangu, ng'ombe na kazi ya fromaji, kugandisha maziwa yawe jibini la kuuza. Mbwa jike mmoja kule chini karibu na barabara alikuwa amezaa, na watoto wawili tu ndio waliopona, wote madume, wote wa rangi nyekundu ya udongo. Mmoja alikuwa na kifua cheupe. Mimi nilichukua yule mwekundu mtupu. Yule mwenye kifua cheupe alichukuliwa siku hiyo hiyo na jirani yetu, mama mjane anayelima maharagwe na mihogo kwenye mteremko ulio chini ya malisho yetu. Yeye alitaka mbwa wa kuwinda fuko, kwa sababu fuko walikuwa wanaila mihogo yake kutoka chini na kumwachia majani juu. Tulipanda mlima pamoja, kila mmoja na mtoto wake wa mbwa ndani ya kitenge, tukicheka kama watu waliotoka hospitali ya uzazi.

Jirani huyo alikuwa mtu wetu. Njia yake ya kwenda barabarani ilipita katikati ya malisho yetu, na jioni akipita alipata kikombe kikubwa cha maziwa. Maharagwe yakikomaa, kikapu cha kwanza kilikuja kwetu kabla hakijafika sokoni. Mimi nilimwita mama, na yeye aliniita mutoto yangu, na baada ya mazishi ya mama yangu jina hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko ninavyoweza kueleza.

Nilidhani ninamtunza yule mbwa. Ukweli ni kwamba nilimtunza kama tulivyowatunza mbwa wote waliotangulia, yaani vibaya. Nilimpa maji ya fromaji, yale yanayobaki baada ya maziwa kugandishwa, akanywa mpaka tumbo likavimba, akaharisha, mbavu zikatoka, na mimi nikasema huyu anakula lakini hanenepi. Sahani ya maji safi sikumwekea hata siku moja. Tukichinja kwa sikukuu, mapafu yaliyojaa vifuko vya maji, yale ambayo hakuna mtu angeyagusa, tulimrushia yeye kama zawadi. Na papa alimtengenezea matonge ya ugali yenye pilipili ndani, eti awe mkali. Mbwa alilia, akapangusa mdomo kwenye majani, na papa alicheka mpaka akashika kiuno.

Mbwa wale wawili walikuwa ndugu na hawakujua habari za mipaka. Wangu alishuka kucheza kwa jirani, wa jirani alipanda kucheza kwetu. Msimu mmoja mbwa wangu alikanyaga mistari ya maharagwe iliyokuwa ndiyo kwanza imeota, akailalia na kuichimba. Jirani alikuja mpaka penye zizi, jembe bado mkononi.

"Mukamate imbwa yenu, mutoto yangu," alisema. "Inaniharibia maharagi. Mukiiacha ivi, siku moja itapata kintu."

Nilisema pole. Papa, ambaye alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, aliyaweka maneno yale mahali anapoweka mambo yake.

Wiki mbili baadaye ikaja ile Ijumaa. Dawa tuliyoizoea ilikuwa imekosekana sokoni. Muuzaji alimpa papa nyingine, akisema ni kali zaidi, akaimimina kutoka kwenye bidoni kubwa mpaka kwenye chupa ndogo ya maji ya kunywa, chupa isiyo na karatasi wala maandishi. Papa aliipima kwa kizibo kama siku zote, kisha akaongeza kizibo kingine, kwa sababu baada ya mvua kupe walikuwa wengi. Tukapiga kundi zima. Mbwa wangu alikuwa pale, na ndugu yake mwenye kifua cheupe alikuwa amepanda kucheza naye. Ndoo ilikuwa na maji ya dawa mpaka karibu nusu.

"Mwangia na imbwa," papa alisema. "Zote mbili. Ile ya jirani nayo iko na makupe mingi."

Niliwamwagia wote wawili, kichwa mpaka mkia. Nakumbuka nilifurahi kwamba namfanyia jirani wema bila yeye kuniomba.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta wangu kwenye mlango wa banda la fromaji. Mate yalikuwa yanamtoka kama povu la sabuni, miguu inatetemeka, macho yananitafuta na hayanioni. Nilikaa chini nikakiweka kichwa chake kwenye mapaja yangu. Kabla jua halijapata joto alikuwa amekufa.

Papa alikuja, akatazama, akasema neno moja. "Sumu." Kisha akaongeza: "Njo ile alituambia. Itapata kintu."

Sikufikiri hata kidogo. Ningeweza kuinusa ngozi iliyokuwa kwenye mapaja yangu. Ningeweza kukumbuka nilichofanya jana yake kwa mikono yangu. Badala yake nilichukua maneno ya mama aliyenifariji msibani, maneno aliyoyasema na jembe mkononi kuhusu maharagwe yake, nikayafanya kuwa ushahidi. Nina hasira na papa kwa mambo mengi, lakini kwa hili siwezi kumtupia lawama yeye peke yake, kwa sababu nilikuwa mtu mzima na nilikuwa na akili.

Papa alimkamata mbwa kwa miguu ya nyuma, akamburuta mpaka pale njia ya jirani inapoingia kwenye malisho yetu, akamlaza hapo katikati ili amwone. Halafu akaleta vigingi vya miti mibichi akaanza kuziba njia navyo. Alikuwa anapiga kigingi cha tatu jirani alipotokea kutoka chini. Hakuwa na mzigo wala jembe. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Nikawahi mimi.

"Umetega sumu," nilimwambia, na sikumwita mama. "Usikanyage huku tena."

Alifunga mdomo akarudi alikotoka. Yule mbwa wake mwenye kifua cheupe hakuonekana tena nje baada ya siku hiyo, na sisi tukalipokea hilo kama uthibitisho wa mwisho. Papa alisema amemfungia ndani, kwa sababu anajua alikotega sumu. Mimi niliitikia kwa kichwa.

Miaka sita. Maziwa yalisimama, maharagwe yalisimama. Kanisani padri akisema tupeane amani, niligeuka upande wa ukuta nikaangalia picha ya kituo cha msalaba mpaka watu wamalize kushikana mikono. Nilimwona akizunguka mlima mzima na gunia la maharagwe mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso, mvua ikimpiga, wakati njia ya kwetu ingemfikisha barabarani kabla hajachoka. Nilimwona na nilifurahi. Ninaliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kila nikilisoma linanichoma.

Mbwa wangu wa pili, ambaye bado ninaye, alikuja miaka mitatu baada ya yule wa kwanza. Ni jike mweusi mwenye sikio moja lisilosimama. Alikuwa bado mdogo sana mganga wa mifugo alipokuja kutoka Masisi kuchanja ng'ombe wetu. Ni mtu wa maneno makali, na nilimpenda kwa sababu hiyo. Alichanja ng'ombe wote, akafunga sanduku lake, halafu akamwona mtoto wa mbwa anakunywa maji ya fromaji kwenye sufuria kubwa kuliko yeye.

"Muko munachanja mangombe yote," aliniambia, "na imbwa moja tu inawashinda? Ikipata kichaa, ikuume, iume papa yako, mutakuya kunitafuta na pikipiki mbio mbio. Siku ile sitakuwa na dawa ya kuwapatia. Nitakuwa na pole tu."

Alimchanja palepale. Kisha alinipa somo nililopaswa kupewa utotoni. Chanjo ya kichaa kila mwaka. Dawa ya minyoo kwa uzito wa mbwa, si kwa kukisia. Maji safi kila siku, na maji ya fromaji kidogo tu, kwa sababu tumbo la mbwa si tumbo la nguruwe. Mapafu yenye vifuko uchome moto au uzike shimo refu, usimpe mbwa, kwa sababu ndani ya vile vifuko kuna minyoo, na minyoo hiyo inakua tumboni mwa mbwa, inatoka na kinyesi, inarudi kwenye majani ya ng'ombe na kwenye mikono ya watu. Kwa kupe alinipa unga maalumu wa mbwa kwenye kopo dogo. Nilimsikiliza na aibu ikanipanda, kisha hasira. Tangu babu zetu tunaishi na mbwa, na hakuna aliyetuambia wanahitaji maji ya kunywa.

Basi nikamtunza huyu. Alikwenda na ng'ombe malishoni kila siku, akipanda na kushuka milima, mpaka mapaja yakawa magumu kama ya mchezaji mpira. Jioni nilimlaza mapajani, nikapitisha vidole ndani ya masikio na katikati ya kucha, kupe mmoja mmoja, nikawatupa kwenye makaa. Nyayo zikipasuka kwa mawe nilizipaka siagi. Watu walinicheka. Mama mmoja aliyekuja kununua fromaji alisema ninamwogesha mbwa kuliko watoto wanavyoogeshwa. Nilimwambia basi awaogeshe watoto wake, na fromaji siku hiyo alinunua kwingine.

Papa naye hakuacha. Siku moja nilimkuta anaviringisha tonge lenye pilipili.

"Imbwa yenye kushiba haichunge," alisema.

Nilimnyang'anya tonge nikalitupa kwenye moto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumnyang'anya baba yangu kitu mkononi. Alisema mguu unamuuma, akaenda kulala. Mguu wa papa, wale wanaomjua wanajua, unauma pale anaposhindwa maneno.

Sasa nifike kwenye Ijumaa ya pili. Ilikuwa mwaka jana, mvua hazikatiki, na ule unga wa kupe ulikuwa umeisha zaidi ya wiki mbili. Barabara ilikuwa imeharibika, pikipiki za kutoka Masisi zinakwama, mganga anasema kwenye simu nisubiri. Masikio ya mbwa wangu yalijaa kupe wengi kuliko vidole vyangu vilivyoweza. Tulipiga ng'ombe dawa. Ilikuwa ile ile kali kutoka kwenye chupa isiyo na maandishi, maana siku hizi ndiyo pekee inayopatikana. Ikabaki kwenye ndoo. Na mimi, mimi mwenye somo lote lile, mimi niliyemjibu kwa ukali mama wa fromaji, nilichukua dawa ya ng'ombe kwa mkono wangu nikampaka mbwa. Sikumwaga tu kama mara ya kwanza. Nilimpaka kwa uangalifu, ndani ya masikio, kwapani, tumboni, nikisugua ili ifike kwenye ngozi. Nilimpaka kwa mapenzi. Hakuna aliyenituma.

Kabla ya saa sita mchana siku hiyo hiyo nilikuwa nakata fromaji mbwa aliposimama mlangoni. Mate yalikuwa yanamtoka. Miguu ya nyuma ilikuwa inakwenda upande wake na ya mbele upande wake. Nilitazama lile povu nikamwona yule wa kwanza, mlango ule ule, macho yale yale.

Mpaka leo najiuliza mtu anatoa wapi ujinga wa namna hii. Mkono wangu ulikuwa bado unanuka dawa. Lakini sikuunusa mkono wangu. Nilikamata fimbo nikateremka mlima.

Jirani alikuwa anapalilia. Nilisimama kwenye vigingi vya papa, ambavyo kwa miaka sita vilikuwa vimeshika mizizi, vimetoa matawi, vimekuwa ukuta wa majani, nikapiga kelele.

"Umerudia tena. Miaka sita, na haujashiba? Imbwa yangu imekukosea nini?"

Aliinuka polepole. Nilitegemea aape, alie, anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote vitatu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Mbwa alikuwa amenifuata, kama anavyonifuata kila mahali, na alikuwa ameanguka hatua mbili kutoka kwenye vigingi.

Jirani aliweka jembe chini. Alikuja, akapitisha mkono kati ya matawi, akamgusa mbwa shingoni, akarudisha mkono akaunusa.

"Iyi imbwa munaipaka nini?" aliuliza.

Aliunusa mkono tena.

"Inanuka dawa ya ngombe. Yangu ilinukaka vile vile."

"Yako gani?" nilisema.

"Ile ya kifua nyeupe. Ile Ijumaa ilirudi kwetu inalowana na dawa yenu mupaka kwenye masikio. Ilikufa kabla jogoo iwike."

Nilibaki na fimbo mkononi. Aliniangalia kwa mara ya kwanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfukuza kuku jikoni.

"Utasimama pale unaniangalia, ao utaosha imbwa? Kamata maji. Na sabuni mingi."

Alipita mwenyewe katikati ya vigingi. Matawi yalimkwaruza mkono mpaka damu, na kitenge chake kikapasuka pembeni. Tulimbeba mbwa hadi kwenye hodhi la kunyweshea ng'ombe, tukamweka pembeni ili tusiyaharibu maji, na tukamwosha. Yeye alifunga mdomo wa mbwa taratibu kwa kipande cha kitenge ili asijirambe, akifungua kila mara povu lilipojaa. Mimi nilisugua. Sabuni, maji, sabuni, maji, mara nne, mara tano, mpaka ile harufu ikaanza kupungua. Papa alikuwa kwenye jiwe lake anatutazama.

"Mama," nilisema. "Juu ya nini haukusema?"

Hakuacha kumwaga maji. "Nilikuya kusema. Ile Jumamosi asubui. Yangu ilikuwa imekwisha kufa, nikasema niwaambie haraka mwoshe yenu. Nikakuta yenu iko imelala kwenye njia, papa yako anapiga miti, na weye ukaniambia nisikanyage."

"Ungelisema tu."

"Ningelisema nini, na ni nani angelinisikia? Nilienda kuzika ya kwangu."

Ndiyo hivyo. Miaka sita sisi tulimkasirikia kwa mbwa ambaye hakumuua, na yeye alikuwa na mbwa ambaye sisi tulimuua kweli. Alijua, na hakuziba njia ya mtu. Hakusema kitu kwa padri, wala sokoni.

Mganga, niliyempigia simu tulipomaliza kumwosha mbwa, alifika kabla ya jioni, tope mpaka kwenye kofia. Alimpiga mbwa sindano mbili, akainusa ile chupa, akaitupa kwenye majani kwa hasira, kisha akaenda kuiokota ili isiokotwe na mtu mwingine. Alisema kuoshwa mapema ndiko kulikomponya, na akauliza nani alikuwa na akili ya kumwosha. Nikageuka kumwonyesha. Jirani alikuwa ameshaondoka, kwa kuzunguka mlima.

Nilimweleza papa yote, mbele ya mganga, ili asiweze kunyamaza.

"Dawa ya ngombe haiuwe imbwa," papa alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa sumu."

"Papa," mganga akamwambia, "dawa ya kupe njo sumu. Kama haingekuwa sumu, kupe zingekufa na nini?"

Papa alifikiri kidogo. Kisha akasema mguu unamuuma.

Kung'oa vile vigingi kulinichukua siku mbili, kwa panga na jembe, kwa sababu mizizi ilikuwa imeenda chini kuliko nilivyodhani. Papa alikaa akitazama, hakunisaidia na hakunizuia. Nilipomaliza nilifyeka majani, nikasawazisha udongo, nikateremka mpaka kwa jirani. Nilipiga magoti mlangoni kwake na sikujali nani anaona. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya yule mwenye kifua cheupe, kwa ajili ya maneno, kwa ajili ya mkono niliomnyima kanisani.

"Weye nimekusikia," alisema, na akaniletea kiti. "Lakini pale sitapita. Nitapita siku ile papa yako atasimama kwenye njia aniambie nipite. Yeye njo alilazaka imbwa pale."

Sasa hivi dawa inayobaki naimwaga kwenye shimo, mbali na mto, na kila Ijumaa papa ananung'unika kwamba ninatupa mali. Nawaambia wafugaji wengine baada ya misa, mmoja mmoja, usiwamwagie mbwa. Wanaitikia, wanasema kweli kabisa, na Ijumaa nasikia mbwa wao wanalia. Mbwa wangu ni mzima, ana chanjo yake, mbavu zimefunikwa vizuri. Asubuhi kabla ng'ombe hawajatoka anashuka kwa ile njia na kwenda kumsaidia jirani na fuko. Ni yeye peke yake anayeipita.

Jirani bado anazunguka mlima na gunia lake. Jioni nikimwona anatokea kule juu, namwambia papa, simama twende, ni hatua chache tu, useme neno moja. Papa anashika goti, anasema mguu hauwezi. Asubuhi yake, mguu huo huo unampeleka mpaka juu malishoni na kumrudisha.